Kibarua cha Juu ya Mnazi

Mwembe ukiukata tawi, jeraha hufunga. Gome hutambaa kidogo kidogo kutoka pembeni, miaka inapita, na mwisho unabaki uvimbe tu. Mnazi hauwezi kufanya hivyo. Shina lake halina ile tabaka hai ambayo kwa miti mingine hutengeneza mbao mpya chini ya gome, na likishasimama haliongezeki urefu isipokuwa kule kileleni. Kwa hiyo pengo lililochongwa kwa panga miaka sitini iliyopita liko pale pale leo, kwa kimo kile kile, na upana ule ule.

Pita katika mashamba yaliyobaki nyuma ya Mtwapa, mbali kidogo na kelele za barabara ya Malindi, utaona ninachosema. Ile minazi mirefu ya zamani ina safu mbili za mapengo, moja kushoto na moja kulia, kuanzia chini mpaka karibu na makuti. Hizo ni ngazi. Kila pengo lilichongwa na mtu aliyekuwa amesimama kwenye pengo la chini yake, mkono mmoja umekumbatia shina, mkono mwingine umeshika panga. Jina lake halikuandikwa popote, lakini kazi yake bado inasomeka.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na sasa naishi kwa kuandika, makala moja moja, malipo yakija yakija. Nyumba ninayopanga imepakana na shamba lenye minazi kama arobaini. Kila baada ya miezi miwili mitatu anakuja mkwezi kuangua nazi, na siku hiyo dirisha langu linakuwa televisheni. Swali nililoanza nalo lilikuwa la kawaida kabisa: huyu jamaa analipwa pesa ngapi? Jibu lilikuwa fupi. Kilichonichukua muda ni swali la pili: kwa nini ni kidogo hivyo, na kwa nini hatari yote ni yake peke yake? Kwa hilo ilibidi nirudi nyuma sana.

Tuanze na majina. Uingereza mtu anayepanda miti kukata matawi, kuondoa mti uliooza au kuuangusha vipande vipande bila kubomoa nyumba, ana cheo kinachotafsirika kama mpasuaji, kana kwamba ni daktari wa miti. Hapa kwetu hakuna daktari wa miti. Kuna mkwezi, ambaye huangua nazi na madafu na kusafisha makuti makavu na makarara. Kuna mgema, ambaye hupanda kila siku kutoa tembo. Halafu kuna mtu wa pawasoo, yule anayeitwa mti ukitaka kuangukia paa au mwenye ploti akitaka kujenga. Mara nyingi ni mtu mmoja katika umri tofauti: alianza kwa kuangua, akagema, na sasa anakodiwa na mwenye mashine kwa sababu mashine yenyewe haijui kupanda.

Minazi ni ya zamani pwani hii. Al-Masudi, mwanahistoria wa Baghdad aliyesafiri huku mapema karne ya 10, aliitaja nazi miongoni mwa vyakula vya watu wa pwani ya Zanj. Msafara wa Vasco da Gama ulipofika Malindi Aprili 1498, walioandika habari zake waliona minazi upande wa bara wa mji. Palipo na minazi pana mkwezi, maana nazi haisubiri ustaarabu wa mtu: ikikomaa huanguka yenyewe, usiku au mchana, juu ya bati au kichwa. Lakini wasafiri waliandika kuhusu wafalme, nguo na meli. Aliyepanda juu kuteremsha dafu walilokunywa hakuandikwa.

Hapa Mtwapa tuna magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa Waswahili wa karne ya 14 na 15 ambao James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1972. Ukienda na rafiki kupiga picha, zingatia jina. Mtwana ni mtumwa wa kiume. Hakuna hati ya zamani inayoeleza jina hilo lilikujaje, na magofu yenyewe ni ya zamani zaidi kuliko mashamba makubwa ya watumwa nitakayoyazungumzia. Hata hivyo neno lilibaki mdomoni mwa watu wa hapa, na neno halibaki bure.

Mashamba hayo yalishika kasi karne ya 19, Zanzibar ilipokuwa kiti cha Busaidi. Wamazrui waliponyang'anywa Mombasa mwaka 1837, tawi moja lilikwenda Gazi na jingine likajijenga Takaungu, kaskazini mwetu. Malindi, iliyokuwa imekufa, ilifufuliwa kuanzia miaka ya 1860 kwa mtama na ufuta. Frederick Cooper, ambaye kitabu chake cha 1977 kuhusu utumwa wa mashambani Afrika Mashariki nilikisoma kwa nakala ya kuazima iliyochanika jalada, anaonyesha kwamba utajiri huo wote ulisimama juu ya mabega ya watumwa. Walifyeka, walipanda, walivuna. Na kwenye minazi, walikwea.

Katika kitabu hicho nilikutana na neno ambalo sote tunalitumia bila kulitazama. Kibarua. Ni barua ndogo, yaani kikaratasi. Mfanyakazi wa siku alipewa kikaratasi kuonyesha kwamba amefanya kazi, kisha akakibadilisha kwa malipo. Zanzibar ya karne ya 19 vibarua wengi walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao: anakwenda kufanya kazi kwa mtu mwingine, analipwa, na jioni sehemu ya malipo inakwenda kwa aliyemmiliki. Leo ukimwambia mtu "nimepata kibarua" unamaanisha shukrani. Neno lilianza likiwa karatasi mkononi mwa mtu ambaye hata mshahara wake haukuwa wake.

Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ilifuta hadhi ya utumwa katika pwani ya Kenya. Fidia ilikwenda kwa wenye watumwa. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi. Waliokuwa na karatasi, au waliojua kupata karatasi, walisajiliwa kama wamiliki. Watumwa walioachwa huru na Wamijikenda wengi wa ukanda wa pwani hawakupata kitu, na wakajikuta wakilima mahali ambapo mtu mwingine alikuwa na hati. Hapo ndipo lilipozaliwa jina lingine tunalolijua vizuri Kilifi: skwota.

Sasa ingiza mnazi katika hesabu hiyo. Mtama unataka watu wengi msimu mzima. Mnazi ukishashika unataka kupaliliwa kidogo na mkwezi mara chache kwa mwaka. Kwa mwenye shamba aliyepoteza watumwa, ni mti wa kufaa sana. Lakini una tabia moja ya hatari. Kwa desturi ya pwani, mti na ardhi ni mali mbili tofauti. Aliyepanda mnazi ana haki juu ya mnazi wake hata kama udongo ni wa mwingine, na mti unaoishi miaka sitini au zaidi ni dai la miaka sitini. Kwa hiyo wenye ardhi wengi waliwaruhusu maskwota kulima mahindi, muhogo na mtama, lakini kupanda minazi wakawakataza. Cooper analieleza hili katika kitabu chake kingine, cha 1980, kuhusu safari ya kutoka utumwani hadi uskwota.

Nikiangalia hapo ndipo naona mkwezi wa leo alivyotengenezwa. Mtu anayejua mnazi kuliko mwingine yeyote, anayeweza kugonga nazi kwa kidole na kusema hili ni dafu, hili ni koroma, hili ni nazi kamili, hakuruhusiwa kuwa na mnazi wake. Aliruhusiwa kuupanda kwa miguu. Kuupanda kwa mikono, udongoni, kulikatazwa.

Huku bara kidogo, kwa Wagiriama wa Kaloleni, mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Kule wenyeji walikuwa na minazi yao wenyewe, na David Parkin, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huko miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu mwaka 1972, aliona jinsi miti ilivyokuwa ikibadilisha mikono. Mtu akihitaji pesa za mahari au matanga, anaweka minazi rehani au anaiuza, na wajanja wachache wakakusanya miti mingi kwa ajili ya mbata. Tembo la mnazi lilikuwa kiungo cha kila kitu hapo. Mazungumzo ya posa hayaanzi bila kadzama, na wazee wanaokunywa pamoja ndio mashahidi wa nani alimuuzia nani mti gani. Katika nchi isiyo na hati, tembo lilikuwa muhuri.

Na tembo lina fundi wake. Mgema hakwei mara chache kwa mwaka. Anakwea asubuhi na jioni, wengine na mchana pia, kila siku, mti baada ya mti. Zana zake zinaingia mkononi mmoja: kotama, kile kisu kilichopinda cha kugemea, kamba, na chombo cha kukingia. Zamani kilikuwa kibuyu, siku hizi ni chupa ya plastiki iliyokatwa. Anafunga shada changa la maua likiwa bado ndani ya karara, anakata ncha, na kila anaporudi anaondoa kipande chembamba kama ukucha ili utomvu uendelee kutiririka. Akikata kwa pupa, analimaliza shada upesi. Akikata kwa woga, halitoi kitu. Na shada linalogemwa halizai nazi, kwa hiyo kila mti ni uamuzi wa biashara: tembo leo au nazi mwakani.

Malipo ya mgema hayakuwa mshahara. Mapatano ninayoyajua ni ya kugawana siku: siku kadhaa za wiki tembo ni la mwenye mti, zilizobaki ni la mgema, auze mwenyewe. Ni mpango wenye heshima fulani, kwa sababu mgema ana bidhaa yake na wateja wake. Lakini tazama nani anabeba nini. Mvua ikiingia kwenye chupa, hasara ni ya mgema. Akiumwa siku tatu bila kukata, shada linakauka. Askari wakivamia mangwe, anayekimbia ni yeye na mama muuzaji, si mwenye shamba. Kuanzia ukoloni mpaka Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho, kinywaji hiki kimeishi kati ya kibali na uvamizi. Tunapenda kusema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali nzima ni onyo juu ya tabia ya mgema. Sijawahi kusikia inayomwonya mwenye mti.

Nilimuuliza mkwezi wa shamba la jirani, mzee aliyepita miaka sitini na bado anapanda, zana ipi ni muhimu kuliko zote.

"Miguu, mwanangu," akasema.

"Na kamba, babu?"

"Kamba ni ya kuteremshia mkungu wa madafu, usipasuke. Mimi nani atanifunga?"

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa akieleza matumizi ya kamba. Lakini fikiria: kamba nzuri ipo, na inalinda dafu.

Sasa pesa. Katika shamba hilo mwaka huu analipwa Sh50 kwa mti, na wakati mwingine mwenyewe anaomba alipwe kwa nazi kwa sababu bei ya nazi sokoni imepanda kuliko bei ya miguu yake. Minazi arobaini ni kazi ya siku mbili kwa mtu wa umri wake. Hiyo ni Sh2,000. Kisha atasubiri miezi miwili au zaidi mpaka shamba hilo likomae tena, huku akizunguka mashamba mengine. Anayefua nazi kwenye kifuo huko chini analipwa kwa hesabu ya nazi, na siku ya mavuno mazuri anaweza kumkaribia mkwezi kipato bila kuondoa miguu ardhini. Watoto wa mzee wanalijua hilo. Mmoja anaendesha boda, mwingine yuko Gulf. Hakuna aliyejifunza kukwea.

Bei ya mti mmoja ni ile ile kwa mnazi wa mita nane na wa mita kumi na nane, mfupi na mrefu vinafidiana, ndivyo wanavyosema. Mwili haufidiani. Mtu akianguka kutoka mita 15 anafika chini chini ya sekunde mbili, kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa na zaidi. Ni kama kugongwa na matatu iliyo kwenye lami.

Mtwapa yenyewe imebadilika, na kazi imebadilika nayo. Mashamba yamekatwa ploti. Hoteli, vilabu, maghorofa ya kupangisha, nyumba za watu waliotoka Nairobi kutafuta bahari: vyote vimesimama palipokuwa na minazi na miembe. Mnazi uliopandwa kwenye shamba tupu haukuwa na mtu wa kumwangukia. Leo chini yake kuna bati, tanki la maji, gari la mtu na nyaya za stima. Hauwezi tena kukatwa shinani ukaachwa uanguke utakako. Lazima mtu apande, aondoe makuti, kisha kilele, kisha ateremke akikata shina vipande huku wenzake wakivuta kamba kutoka chini. Hiyo ndiyo kazi ambayo Ulaya inaitwa upasuaji wa miti. Hapa inaitwa "kukata mti", na bei yake hupatanwa getini.

Niliiangalia moja mwaka jana tangu asubuhi hadi saa tisa. Mti ulikuwa mmoja, umeinamia nyumba, na bei ilikuwa Sh6,000. Nikawauliza wanavyogawana. Mwenye pawasoo, ambaye hakuja mwenyewe, alichukua Sh2,000 kwa kukodisha mashine. Petroli na oili, Sh700. Vijana wawili wa kuvuta kamba, Sh500 kila mmoja. Dalali aliyeleta kazi, Sh800. Aliyepanda juu na mashine inayonguruma ikining'inia kiunoni alipata Sh1,500. Alikuwa amevaa kandambili mpaka mtini, akazivua, akapanda pekupeku. Kamba ya mkonge aliyojifungia kiunoni ilikuwa ile ile waliyotumia kuvuta vipande. Miwani ya kukinga macho hakuna, na mbao za mnazi si za mchezo: ugumu wake uko nje, kwenye mzingo, tofauti na miti mingi ambayo kiini ndicho kigumu, na hula meno ya msumeno upesi. Mnyororo butu huruka, na anayeupokea ukiruka yuko mita kumi na mbili juu.

Siwalaumu wale vijana, na wala mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya. Aliwaletea chai na mahamri. Lakini angalia mgao tena. Mashine, isiyoweza kuanguka ikafa, ilipata zaidi ya mtu aliyeibeba. Tukirudi kwenye karne ya 19, kibarua aliyekodishwa alifanya kazi na sehemu ya malipo ikamfuata mwenye mali. Sisemi ni kitu kimoja. Kijana huyu ni huru, angeweza kukataa. Nasema hesabu ina sura ninayoitambua: anayemiliki anakula kwanza, na anayepanda anakula kinachobaki.

Na akianguka? Kenya ina sheria nzuri kwenye karatasi. Mwaka 2007 zilipitishwa kwa mkupuo: Sheria ya Ajira, Sheria ya Usalama na Afya Kazini, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ile mawakili wanaiita WIBA. Hii ya mwisho inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake na alipe fidia mtu akiumia kazini, hata kama kosa si la mwajiri. Tatizo liko kwenye neno moja: mwajiri. Sheria inamlinda mwenye mkataba wa kuajiriwa. Mkataba wa mdomo nao unatambulika, lakini lazima uthibitishe kwamba upo, na dhidi ya nani. Kwa yule kijana, mwajiri ni nani? Mwenye nyumba atasema nimempa kazi dalali. Dalali atasema mimi nimeunganisha tu. Mwenye pawasoo atasema mimi nimekodisha mashine, na iko wapi mashine yangu? Kila mmoja atakuwa na nusu ya ukweli, na aliye kitandani atakuwa na mfupa uliovunjika na kadi ya SHA ambayo huenda hakuilipia.

Yaani kibarua wa leo hana hata kile kikaratasi kilichompa jina.

Kuna waliolitazama tatizo hili wakafanya kitu. Jimbo la Kerala, kusini mwa India, linafanana nasi kuliko tunavyodhani: bahari ile ile, mnazi ule ule, nazi katika kila mchuzi. Huko kukwea ilikuwa kazi ya jamii fulani za tabaka la chini, na watoto wao waliposoma waliikimbia. Nazi zikaanza kukosa wa kuziangua. Mwaka 2011 bodi ya nazi ya India ikaanzisha mpango wa kuwafunza vijana, wake kwa waume, kukwea kwa kifaa cha chuma chenye vikanyagio viwili na vitanzi vinavyoshika shina, unapanda kama unapiga hatua za ngazi. Kifaa cha namna hiyo kilibuniwa na mkulima wa huko huko. Waliofunzwa walipewa kifaa na bima ya ajali. Hawakuwa tena watu wa tabaka la mnazi. Walikuwa mafundi wenye namba ya simu, na mtu akiwataka anawaita kama anavyomwita fundi wa bomba.

Uingereza wamekwenda mbali zaidi. Kwa kanuni zao za 1998, kifaa chochote kinachombeba mtu juu, kamba ya mpanda miti ikiwemo, lazima kikaguliwe na mtu mwenye ujuzi kila miezi sita na ukaguzi uandikwe. Kamba ina karatasi yake. Sitegemei hilo Mtwapa kesho, lakini linaonyesha kwamba hatari ya kazi hii haikuteremshwa na Mungu pamoja na mti. Inapungua pale mtu mwingine, zaidi ya anayepanda, anapolazimika kuibeba.

Hapa hapa Mtwapa kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO, ambako nazi na korosho zimefanyiwa kazi kwa miaka mingi. Ukiuliza wataalamu na wakulima kuhusu tatizo la wakwezi, jibu linalokuja haraka ni mnazi mfupi. Ule mrefu wa Afrika Mashariki unachukua miaka sita au saba kuanza kuzaa na unaweza kupita mita 20. Mfupi unazaa baada ya miaka mitatu au minne, na kwa muda mrefu dafu unalichuma ukiwa umesimama chini. Ni jibu zuri, na kwa mwenye shamba jipya ningemshauri alichukue. Lakini linaondoa tatizo kwa kumwondoa mkwezi. Na ile minazi mirefu iliyopo, maelfu kwa maelfu kutoka Mtwapa hadi Marafa, bado itazaa kwa miaka mingi, bado itazeeka, na bado itataka mtu wa kuishusha kwa heshima juu ya mapaa yetu.

Mnazi ulikuwa na mamlaka yake ya serikali tangu 2007, kabla haujaingizwa chini ya mamlaka kuu ya kilimo na chakula. Sheria ya Mazao ya 2013 inautaja kwa jina. Mti unatambulika. Kinachokosekana ni mtu. Kaunti ya Kilifi inatoza ada kwa karibu kila biashara inayofanyika barabarani. Ingeweza kuwaandikisha wapanda miti, wakwezi, wagema na watu wa pawasoo, kwa ada ndogo, na kwa ada hiyo wanunuliwe bima ya pamoja ya ajali. Ingeweza kuamua kwamba anayeangusha mti ndani ya mji lazima aandike karatasi moja, hata ya mkono, yenye majina matatu: mwenye mti, mwenye mashine, na anayepanda. Siku ya ajali, karatasi hiyo ndiyo itakayojua mwajiri ni nani.

Mpaka hapo litakapofanyika, kuna kitu ambacho sisi wapangaji na wenye ploti tunaweza kufanya bila kumngoja gavana. Bei ya Sh50 kwa mti haikuandikwa kwenye kitabu chochote. Ni desturi, na nimeeleza desturi hiyo ilikotoka. Ukimwita mtu akupandie, lipa kwa urefu wa mti. Uliza kamba ya kumfunga yeye iko wapi, tofauti na ya kuvutia vipande. Kama haipo, kuikodi au kuinunua ni sehemu ya gharama ya mti wako, kama vile petroli. Na mwandike jina, mtumie pesa yake mwenyewe kwa M-Pesa badala ya kumpitishia dalali. Ujumbe ule wa simu una tarehe, kiasi na majina mawili. Mahakamani huo ni ushahidi.

Mzee wa shamba la jirani atarudi tena nazi zikikomaa. Mwenye shamba ameshaniambia kwamba akichoka, miti itauzwa mbao, kwa sababu hamjui mwingine wa kuipanda.